Kichujio cha Mama Hapana

Ukibisha hodi nyumbani kwa mama mdogo wangu, usijibu "ni mimi." Nimekula mezani kwake tangu sijajua kufunga kamba za viatu, na hadi leo nikisema hivyo sauti inatoka ndani: "Mimi nani? Kila mtu ni mimi." Mpaka nitaje jina, niseme na aliyenituma, ndipo komeo lisogee. Mumewe, fundi wa magari makubwa, mtu wa kucheka mpaka machozi, huwaambia wageni kwamba siku alipokwenda kumposa aliombwa kitambulisho. "Nikakitoa," husema. "Akakigeuza nyuma na mbele, akaniuliza mbona picha haifanani na mimi."

Ofisini walimwita Mama Hapana. Na mimi nilipoajiriwa pale baada ya chuo nilimwita hivyo hivyo, ila si mbele yake.

Ofisi yetu ni ya maji. Bomba jipya likifika mtaani, tunafungua maombi. Mtu anaandika kwenye simu jina lake, nambari ya simu na nambari ya kiwanja chake, anatuma, na wanaowahi ndio wanaounganishwa kwanza. Katikati, kabla ombi halijaingia kwenye foleni, kuna kichujio: kipande cha programu kinachosoma alichoandika mtu na kuamua kama kinakubalika. Kichujio hicho mama mdogo alikiandika mwenyewe, mstari baada ya mstari, kurasa na kurasa. Soma herufi ya kwanza. Kama si herufi, rudisha hapana. Hesabu tarakimu za simu. Zikipungua, rudisha hapana. Ukikisoma kutoka juu hadi chini unakutana na hapana nyingi mpaka unahisi umemkosea mtu.

Hakuanza na kompyuta. Alianza kama mpiga chapa, akinakili maombi ya karatasi, na jioni akaenda kusoma kozi ya programu kwenye chuo cha ufundi, akiwa na mimba ya mtoto wake wa pili. Mwaka walipoanza kupokea maombi kwa simu, dalali mmoja aliwazidi akili. Alijaza viwanja vya mtaa mzima kwa majina ya kubuni, kisha akawauzia wenye nyumba nafasi zao wenyewe kwenye foleni. Bibi mmoja alikuja kaunta akalia mbele ya mpiga chapa, si mbele ya mkurugenzi. Mama mdogo hakulisahau hilo. Akaomba apewe kazi ya kuandika kichujio, akapewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Ndiyo maana kila mstari wake ulikuwa na mtu nyuma yake. Ukimwuliza mbona hapa unakataa jina lenye herufi moja iliyorudiwa mara tano, anakuambia kuhusu mtu aliyejiandikisha kwa jina la Aaaaa. Mbona hapa unakataa simu hii? Anakuambia kuhusu mganga fulani mwenye laini kumi na moja. Alikuwa amewakamata wote, na aliwakumbuka kama wengine wanavyowakumbuka wanafunzi waliosoma nao.

Sasa, maombi ya mtaa wa bondeni yalipofunguliwa tena mwaka huo, kama kila mwaka, mfumo ulikwama asubuhi nzima. Watu walikaa na simu mikononi wakitazama kiduara kikizunguka. Bosi wetu akapigiwa simu na wakubwa wake, na wiki iliyofuata akatuletea Mtaalamu kutoka kampuni binafsi.

Mtaalamu alikuwa kijana mwenye viatu vinavyong'aa na sauti ya upole, na tulikuja kujua kwamba dada yake ameolewa na bosi. Nilipolisikia hilo damu ilinichemka. Nilikuwa nimetoka chuoni na imani kwamba ofisi ya umma ni ya umma, si ya mashemeji, na naamini hivyo mpaka sasa. Aliketi siku mbili akikisoma kichujio, kisha akatuita kwenye chumba cha mikutano.

"Huyu hapa mgonjwa wetu," akasema, akionyesha kurasa za mama mdogo ukutani. "Mama yangu, usinielewe vibaya, kazi ni nzuri. Lakini kompyuta inatembea herufi moja moja kama mtu anayetafuta sindano. Haya yote yanaweza kuwa mstari mmoja."

Akaandika mstari mmoja. Mabano, nyota, alama za kujumlisha. Kwa wasioijua kazi hii, mstari wa namna hiyo tunauita regeksi: unaichorea kompyuta umbo la maandishi unayoyakubali, halafu yenyewe, kwa mashine iliyokwisha kutengenezwa na watu hodari, inalinganisha. Chuoni niliipenda regeksi. Ni fupi, ni safi, na ukiielewa unajiona umepewa siri.

"Ikikataa, inasema kwa nini?" mama mdogo akauliza.

"Inasema ndiyo au hapana, mama."

"Yangu inasema kwa nini."

"Na ndiyo maana inachelewa," akasema Mtaalamu, na watu wakacheka.

Bosi hakucheka. Mkataba wa mama mdogo ulikuwa unakaribia kwisha, na bosi akasema mbele ya wote kwamba vichujio vitapimwa kwa kasi, kimoja dhidi ya kingine, na matokeo ndiyo yatakayoamua kama ofisi bado inamhitaji. Alisema kwa upole kama mtu anayekuuliza unataka chai ya rangi au ya maziwa.

Jioni ile nilimkuta mama mdogo jikoni. Hakuniuliza mimi nani, akafungua tu, na hapo nikajua mambo ni mabaya.

"Wewe ni mtu wao," akaniambia.

"Mama mdogo!"

"Si ulisoma hizo nyota na mabano? Nilikuona unavyoutazama ule mstari. Ulikuwa unautazama kama mtu aliyeona mchumba."

"Mchumba gani tena?" akauliza mumewe kutoka sebuleni.

"Kula wewe!" Kisha akanigeukia. "Yule shemeji ana lake jambo. Umeona amekuja na kompyuta yake mwenyewe? Kwa nini asitumie ya ofisi?"

Nilimwambia kwamba na mimi simwamini, lakini regeksi haina kosa, na kwamba vichujio vyote viwili, hata kile cha polepole, vinamaliza ombi la mtu mmoja kabla hajapepesa jicho. Kilichokwamisha mfumo asubuhi ile huenda kiko mahali pengine kabisa.

"Basi kama hakuna tofauti, wananipimia nini?"

Akafunika sufuria kwa kishindo. Hakuwa akiuliza ili ajibiwe.

Siku ya kipimo aliingia na kiti chake kutoka mezani kwake. Alisema viti vya chumba cha mikutano vinalia na yeye anataka kusikia. Akamwomba Mtaalamu afunge muziki kwenye kompyuta, afunge na barua pepe, azime na kuwasha upya. Mtaalamu alitabasamu akafanya yote. Alikuwa amechota maombi mengi sana kutoka ghala la kumbukumbu, akayapitisha kwenye kichujio cha mama mdogo, kisha kwenye regeksi yake. Regeksi ilimaliza kwa theluthi ya muda.

"Rudia," akasema mama mdogo. "Anza na yako, halafu yangu. Anayekuja wa pili hukuta njia imeshafagiliwa."

Akarudia. Regeksi ikashinda tena, ingawa si kwa pengo lile lile.

"Mara ya kwanza tuiache, mashine ilikuwa bado baridi. Rudia mara nyingi, utoe wastani."

"Mama yangu, hata tukirudia mpaka kesho..."

"Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

Ikarudiwa. Lazima niseme ukweli ingawa ulinikera: kwa maombi yale, regeksi ilikuwa na kasi zaidi, na hakukuwa na hila. Bosi akaanza kukusanya karatasi zake. Mama mdogo alikuwa amekunja mikono, anatazama orodha ya maombi ikiteremka kwenye kioo cha kompyuta, safi, iliyonyooka, kila jina lina herufi kubwa mahali pake.

"Hawa watu umewatoa wapi?"

"Ghalani. Ni maombi halisi kabisa, sikutunga hata moja."

"Na ghalani waliingiaje?"

Mtaalamu akaitazama orodha upya.

"Waliingia kwa kupita kwenye kichujio changu," akasema mama mdogo. "Umewapima waliokwisha kuingia. Mlinzi gani anapimwa kwa wenye nyumba peke yao? Niletee na wanaozuiwa."

Nilimtazama Mtaalamu usoni kwa makini, nikitafuta mtu aliyenaswa, kwa kuwa nilitamani sana awe amenaswa. Nilichoona ni mtu aliyepigwa na butwaa. Hakuwa amelifikiria. Lilimpita kama lilivyonipita mimi, na kama linavyowapita wengi wanaopima programu kwa kumbukumbu zilizokwisha kusafishwa na programu ile ile.

Shida ni kwamba waliokataliwa hawakuwa popote. Mama mdogo mwenyewe ndiye aliyeamua zamani kwamba ombi lisilofaa lisihifadhiwe, lihesabiwe tu kwa mtaa wake. Bosi akaahirisha kipimo na kuniagiza mimi nitafute maombi mabaya. Mama mdogo alinitazama, Mtaalamu akanitazama, na kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba nitampendelea mwenzake.

Nikashuka kaunta ya malalamiko. Kila siku kuna benchi refu limejaa watu waliokataliwa na simu zao, wakisubiri kuitwa kwenye kioo chenye tundu dogo la kusemea. Nikaweka meza na kompyuta, nikawaomba waandike upya kama walivyoandika kwenye simu, bila kurekebisha kitu.

"Tena?" akasema mzee mmoja. "Mmemaliza kutukataa kwa kweli, sasa mnatukataa kwa majaribio?"

"Kijana, nikiandika hapa, maji yanatoka upande gani?" mwingine akauliza, na benchi zima likacheka.

Lakini waliandika. Mwalimu mstaafu aliandika majina yake yote manne na kuweka nukta mwishoni, kwa sababu, alivyoniambia, sentensi huisha kwa nukta. Mwingine aliandika nambari ya simu kwa maneno. Mmoja aliandika "niunganishieni jamani" mahali pa kiwanja.

Kisha akaja mama mmoja mwenye futi ya kupimia nguo shingoni. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa bondeni.

"Mimi nimeandika mpaka kidole gumba kimeota sugu," akasema. "Kila nikituma naambiwa nambari ya kiwanja si sahihi. Nikaja hapa, dada wa kwenye kioo akaniambia niondoe hiyo herufi ya mwisho. Nikaondoa. Unajua nikaambiwaje?"

"Uliambiwaje, mama?"

"Kwamba kiwanja kina mwenyewe na mimi ni tapeli. Mimi! Na jirani yangu aliyewahi kutuma bila herufi ndiye aliyepita, na mpaka leo hatusalimiani."

Akaandika nambari yake polepole: herufi, tarakimu, kisha herufi B mwishoni. Akainuka kabla sijamshukuru.

Kipimo cha pili kilikwenda haraka mwanzoni. Kichujio cha mama mdogo kiliyapitia maombi mabaya kwa kasi kuliko mazuri, kwa kuwa kikikutana na herufi ya kwanza mbaya kinakataa na kuondoka, hakisomi mpaka mwisho. Ikaja zamu ya regeksi. Ikaenda, ikaenda, kisha kioo kikasimama. Feni ya kompyuta ikaanza kuvuma.

"Imefika wapi?" bosi akauliza.

Ilikuwa imefika kwa mwalimu mstaafu na nukta yake. Ule mstari ulikuwa umeandikwa kwa namna inayoruhusu jina moja kukatwa vipande kwa njia nyingi, na nukta ya mwisho ilipogoma kukubalika, mashine ikarudi nyuma kujaribu kukata upya, kisha upya tena, kama mtu aliyepoteza ufunguo anayepekua mifuko yote, halafu anaanza tena na mfuko wa kwanza kwa kuwa labda hakuukung'uta vizuri. Jina likiongezeka herufi moja, kazi inakaribia kuwa mara mbili. Na majina ya yule mwalimu yalikuwa marefu.

"Itamaliza," akasema Mtaalamu. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Lini?" akauliza mama mdogo.

Bosi akatoka kupokea simu, akarudi, bado. Kule nje, mtu mmoja aliyefundishwa kumaliza sentensi kwa nukta angeweza kuuzima mfumo wa mtaa mzima bila kujua. Mtaalamu alisema anaweza kuiandika upya regeksi hiyo, na ni kweli, inawezekana kuiandika vizuri. Lakini bosi alikuwa ameona kioo kilichosimama na wakubwa wake walikuwa wanasubiri jibu. "Basi," akasema, "cha zamani kinabaki. Andikeni ripoti, tusaini, tuendelee na kazi."

Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Mama mdogo alibeba kiti chake akarudi mezani kwake kuendelea na kazi. Mtu asiyemjua angedhani ameshindwa.

Ripoti nilipewa mimi. Nikaanza kujaza majedwali ya muda, kisha nikajiuliza kitu ambacho hakuna aliyekiuliza chumbani: tumepima nani anakataa upesi, je, wamemkataa nani? Nikapanga waliokataliwa kwa sababu zao. Hapo ndipo kichujio cha mama mdogo kilinisaidia, kwa kuwa kinasema kwa nini. Wengi walistahili. Lakini kulikuwa na kundi kubwa lenye sababu moja: herufi mwishoni mwa nambari ya kiwanja. Wote wa bondeni. Na regeksi iliwakataa wale wale, kwa kuwa Mtaalamu aliichora kwa kutazama kumbukumbu za ghalani, na ghalani hakukuwa na hata mmoja mwenye herufi mwishoni. Angekuwepo vipi?

Nikampelekea mama mdogo.

"Hao wa bondeni nawajua," akasema, hata hakuinua macho. "Kule kiwanja kimoja wanasajili watu wawili. Wakikataliwa herufi, wanaitoa na kujiandika kwenye kiwanja cha jirani. Nina mstari maalumu wa kuwakamata, na kila mwaka unakamata wengi kuliko mtaa mwingine wowote."

"Na kama herufi ni ya kweli?"

"Nambari za viwanja haziishii kwa herufi. Ramani ya wapima ardhi ninayo tangu naanza."

"Tangu unaanza, mama mdogo. Watu hawazai? Hawagawi viwanja kwa watoto wao?"

Akainua macho. "Nani kakuambia?"

"Fundi cherehani mmoja pale kaunta."

"Na yeye nani kamtuma?"

Nikashindwa kujizuia. Nilimwambia kwamba amekaa miaka yote akimshuku kila mtu isipokuwa karatasi, na kwamba kama yule mama anasema kweli, basi sisi ndio dalali. Nilisema kwa sauti, watu wakageuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Simwamini," akasema. "Na wewe sikuamini. Jumamosi tutakwenda kuona."

Alivaa viatu vya kutembelea, akachukua ramani yake. Njia ya bondeni ilijaa watu wenye madumu ya maji, wanapishana bega kwa bega. Fundi cherehani alitupokea mlangoni kwake akiwa na sindano mdomoni, akamtazama mama mdogo kutoka kichwani hadi miguuni.

"Huyu ndiye nani?"

Mama mdogo akajitambulisha kwa jina, kwa ofisi na kwa kazi, kama anavyotaka wengine wajitambulishe.

"Ahaa," akasema fundi. "Basi wewe ndiye uliyeniita tapeli. Karibu."

Kwenye nguzo ya lango kulikuwa na kibati kilichopigwa misumari, chenye nambari na herufi B. Mama mdogo akaikwaruza rangi kwa ukucha wa kidole gumba, aone kama ni ya jana. Haikuwa ya jana. Akaenda lango la jirani: nambari ile ile, herufi A. Akavuka njia akabisha kwingine, na kwingine. Kila mahali aliomba waonyeshe kibati, akauliza nani alikipigilia na lini, mpaka kijana mmoja aliyekuwa ameketi juu ya dumu akamwuliza, "Mama, wewe ni polisi au ni mnunuzi?"

"Mimi ndiye ninayekukatalia maji," akamjibu. Kijana akadhani ni utani, akacheka sana.

Wapima ardhi walikuwa wamepita miaka mingi nyuma, wakagawa viwanja vya wazee kwa watoto wao na kuongeza herufi. Hakuna aliyeiambia ofisi yetu. Au waliiambia, na karatasi ikalala mahali. Sijui, na siwezi kuapa. Tulipokuwa tunaondoka, fundi alitoa simu yake akamwonyesha mama mdogo ujumbe: ombi lako limezuiwa kwa udanganyifu, usitume tena.

Tulipanda kilima. Karibu na juu akasimama kupumua.

"Hayo maneno niliyaandika mimi," akasema. "Niliyatafuta siku nzima, nikitaka yawe makali. Wale wa bondeni kila mwaka walikuwa wengi, na nilipoona ni wengi nikasema, unaona, kule kuna matapeli."

Nilitaka kumwambia neno la kumfariji. Nikaliacha; naona hata sasa lisingefaa.

Jumatatu asubuhi alirekebisha mstari. Ilikuwa kazi ndogo. Kisha akaingia kwa bosi na ripoti yangu mkononi, mimi nyuma yake.

"Vizuri," akasema bosi. "Umeshinda, umerekebisha, saini hapa. Mkataba wako nitausukuma wiki hii."

"Haijaandikwa kwamba kichujio kilikuwa kinakataa watu wenye haki."

"Si umesharekebisha? Yamekwisha. Nani atajua?"

"Ndiyo hiyo shida. Wasipojua, wale waliozuiwa watarudishwaje kwenye foleni? Wanatakiwa warudi mahali walipokuwa siku waliyotuma, mbele ya waliokuja baada yao. Bila kuandikwa kosa ni letu, hakuna atakayewarudisha."

Bosi akasukuma kiti nyuma. "Mama, nisikilize vizuri. Nimewaambia wakubwa kwamba kichujio chako kina kasi na ni salama. Nikipeleka karatasi inayosema kiliwanyima maji watu wa mtaa mzima kwa miaka, nitakutetea kwa lipi? Saini hiyo, urudi mezani kwako."

"Na nikisaini, baadaye ikigundulika, saini itakuwa ya nani?"

"Unanishuku?"

"Nakushuku," akasema, kwa heshima kabisa. Akachukua kalamu mezani kwa bosi na kuandika chini ya majedwali, kwa mwandiko wa mpiga chapa wa zamani, kwamba vipimo vyote viwili vilipima kasi ya kukataa bila kuuliza anayekataliwa ni nani. Kwamba kosa la herufi lilikuwa lake. Na kwamba waliozuiwa wote warudishwe kwenye nafasi zao. Akasaini. Akanipa karatasi, si bosi. "Toa nakala kwanza."

Watu wa bondeni walirudishwa, kila mmoja kwa tarehe ya ujumbe wa kukataliwa, uliobaki kwenye orodha ya jumbe zilizotumwa na ofisi. Iliwabidi wakubwa, kwa kuwa nakala zilikuwa nyingi na moja ilibandikwa kaunta, na sitasema nani aliibandika. Fundi cherehani alipata ujumbe mpya, akaupuuza akidhani ni matapeli. Ilibidi nimpigie simu.

Mkataba wa mama mdogo haukuongezwa. Barua ilisema ofisi inamshukuru. Kampuni ya Mtaalamu ilipewa kazi ya kutunza mfumo, na Mtaalamu mwenyewe, kwa hiari yake, alisema kichujio cha mama mdogo kibaki kilivyo, maana tangu siku ya nukta hapati usingizi akiandika nyota na alama ya kujumlisha pamoja.

Siku aliyofunga vitu vyake niliingia na barua yangu ya kuacha kazi. Nilikuwa nimeiandika kwa hasira, na ilikuwa nzuri, ina maneno kama haki na dhamira. Akaisoma yote akiwa amesimama.

"Unakwenda wapi?"

"Popote. Siwezi kukaa na watu hawa."

"Nao wakibaki peke yao?" Akaikunja barua akaniwekea kwenye mfuko wa shati. "Wiki ijayo wanabadilisha ukaguzi wa nambari za simu. Nimesikia Mtaalamu ameshaandika. Umeuona huo mstari?"

"Sijauona."

"Ameupima kwa maombi ya nani?"

Nikapandisha mabega.

"Hujui," akasema. "Basi nenda kaulize, kabla hawajauwasha."

Akaniachia sanduku la vitu vyake mikononi, kisha akakumbuka kwamba sitaweza kuuliza nikiwa nimebeba sanduku, akalichukua mwenyewe. Mumewe alikuwa anampigia honi getini. Mimi nikageuka, nikapanda ngazi.